Kikoba, halmashauri, marejesho, benki au simu: mkopo upi kwa biashara ipi?

Tuseme wako watatu, mtaa mmoja wa Mbagala. Wa kwanza ni mama ntilie: wali maharage na chapati karibu na kituo cha daladala, hela inaingia kila siku na inatoka kila alfajiri. Wa pili ni fundi cherehani. Kazi yake hulala miezi mizima, kisha hufurika kabla ya Idi, Desemba yote, na Januari wakati wa sare za shule. Wa tatu anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Wote wanatafuta shilingi milioni moja, na ukiwauliza wanataka mkopo wa aina gani watakujibu kwa sauti moja: wenye riba ndogo.

Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: hela yako inarudi mkononi lini? Nimekuwa mweka hazina wa kikoba kwa miaka sita. Wengi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na ukubwa wa riba. Walichukua mkopo unaodai kila wiki kwa biashara inayolipa kila baada ya wiki sita.

Kwa hiyo nitalinganisha milango mitano ambayo mwanamke mwenye biashara ndogo Tanzania Bara anaweza kuigonga, nikiwaweka hawa watatu mbele ya kila mlango. Zanzibar ina utaratibu wake kupitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, nao sitauingiza hapa.

Marejesho ya wiki

Huu ndio mlango uliozoeleka zaidi, na ndio unaolaumiwa zaidi. Mnaunda kikundi, mnadhaminiana, afisa mikopo anakuja siku ileile kila wiki, mnakaa kwenye mkeka au benchi za jirani, na hesabu ikipungua hakuna anayenyanyuka mpaka itimie. Mtindo huu ulipata umaarufu Bangladesh kupitia Benki ya Grameen ya Muhammad Yunus. BRAC, shirika la Bangladesh hilohilo, liko Tanzania tangu 2006, na kuna kampuni nyingi nyingine kubwa na ndogo zinazofanya kazi kwa namna hiyo.

Uzuri wake ni wa kweli, tusiubeze. Huombwi hati ya nyumba. Huombwi vitabu vya hesabu. Ukiwa na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wenzako wa kukudhamini, hela unaweza kuipata ndani ya wiki chache. Kwa mwanamke ambaye kila kitu chenye thamani nyumbani kimeandikwa jina la mume, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo tunapopigwa. Kampuni za Daraja la Pili, yaani zile zinazokopesha bila kupokea amana za watu, zina kikomo cha Benki Kuu: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Afisa atakuambia, "Mama, ni tatu na nusu tu." Wewe muulize: ya mkopo wote niliochukua, au ya deni lililobaki?

Milioni moja, miezi sita. Kama riba inapigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi unadaiwa 35,000 hata ukiwa umebakiza kidogo tu, na jumla ni 210,000. Kama inapigwa juu ya deni lililobaki, na unapunguza deni kwa kiasi kilekile kila mwezi, mwezi wa kwanza ni 35,000, wa pili 29,000 na kitu, inashuka hivyo hadi wa sita karibu 6,000. Jumla 122,500. Asilimia ni ileile, karatasi zote mbili zimeandikwa 3.5, lakini tofauti ni 87,500. Na bado hujaulizia ada ya fomu, bima, na ile akiba ya lazima inayokatwa kabla hela haijakufikia. Ukikatwa laki moja ya akiba, umeshika laki tisa lakini riba unalipia milioni.

Mwite sasa mfuga kuku. Anachukua milioni yake kwa hesabu ile ya kwanza: 1,210,000 kwa wiki 26, yaani kama 46,500 kila wiki. Vifaranga wameingia bandani Jumatatu. Jumatatu inayofuata afisa yuko mkekani. Kuku wa nyama hawauziki kabla ya wiki ya tano au ya sita, na muda wote huo wanakula. Mpaka wiki ya tano inaisha, dada huyu amesharudisha zaidi ya 230,000 na hajauza hata kuku mmoja. Hiyo hela ameitoa wapi? Ameitoa kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Kwa hiyo kuku wanakula nusu shibe, wanadumaa, wanachelewa kufika uzito, na anawauza kwa bei ya hasara kwa sababu rejesho haliwasubiri wakue. Mtaji umeliwa na kalenda. Riba hata ingekuwa sifuri, bado angeumia.

Mama ntilie yeye, kwa marejesho haya haya, anaweza kupita vizuri kabisa. Anauza kila siku, anatenga kidogo kila siku, Jumatatu anayo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mikopo ya marejesho ni mibaya" au "ni mizuri", huwa nauliza: kwa nani?

Angalizo moja kabla ya kuondoka hapa. Kuna wakopeshaji wa mtaani wasio na leseni, ambao watu wamewapa jina la kausha damu, na jina linawatosha. Dalili zao hazifichiki: mkataba huachiwi nakala, riba inatajwa kwa siku au wiki, na wanataka ubaki umewakabidhi kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Uliza uione. Anayekasirika ukiomba kuona leseni ameshakujibu.

Kikoba

Nakiri mapema kwamba hapa nina upande. Lakini kikoba nacho kina kasoro, na nitazitaja.

Mfumo wa kuweka na kukopeshana kwa hisa tunaoutumia leo ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, ukalelewa na shirika la CARE. Kwetu ulikuta upatu umeshatangulia, na kijumbe wake anayekusanya na kugawa hela, hivyo haukuwa mgeni sana. Mnakutana kila wiki, mnanunua hisa, yaani akiba yenu kwenye kikundi, sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu, kuna mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana.

Riba ya vikoba vingi ninavyovijua ni asilimia 10 kwa mkopo wa miezi mitatu, ingawa kila kikundi kina katiba yake. Ukikopa milioni, riba ni laki. Ila tofauti na milango mingine yote, laki hiyo haiendi kwa mtu wa mbali. Inaingia kwenye sanduku, na ukigawana utaiona sehemu yake ikirudi kwako. Halafu kuna jambo ambalo mfuga kuku atalipenda: vikundi vingi vinakuruhusu kulipa riba kila mwezi na deni lenyewe mwishoni. Miezi mitatu inatosha kulea kundi zima la kuku wa nyama, kuuza, na kulipa bila kugusa mfuko wa chakula.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mlango haufunguki siku unayoubisha. Kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Ili ukope milioni lazima uwe na hisa za kama 334,000. Kikundi ambacho hisa ni 5,000 na mwisho ni hisa tano kwa wiki, unahitaji wiki 14 za kununua hisa zote bila kukosa. Mwenye shida ya leo hasaidiki.

Ya pili huwa hatuisemi kwenye semina. Vikoba vingi huvunjwa Desemba. Ili hesabu zifungwe, mikopo yote inapaswa iwe imerudi, kwa hiyo kuanzia Oktoba au Novemba sanduku haliko tayari kutoa. Mtazame fundi cherehani: Novemba ndiyo anataka vitambaa vya nguo za sikukuu, na Novemba ndiyo kikoba kimefunga mkono. Kwa upande mwingine, mgao wa Desemba unamfikia wakati muafaka kabisa wa kununua vitambaa vya sare za Januari, tena ni hela yake, si deni. Fundi mwenye akili anajiunga na kikundi kinachovunja Juni, au anabaki kwenye cha Desemba na kuweka hisa kwa nguvu kwa ajili ya Januari.

Ya tatu ni aibu. Ukishindwa kulipa benki, utakwepa barabara inayopita benki. Ukishindwa kulipa kikoba, unakutana nao kisimani, msikitini, kanisani na kwenye sherehe ya mtoto wa shangazi. Huu ndio ulinzi wa kikoba, na ndio mzigo wake.

Sajilini kikundi. Sheria ya 2018 iliviweka vikundi vya kijamii katika Daraja la Nne, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Cheti hicho ndicho kitakachokufungulia mlango unaofuata.

Mkopo wa halmashauri

Riba sifuri. Hakuna mlango mwingine kwenye orodha hii unaosema hivyo. Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Zingatia maneno "mapato ya ndani". Jiji la Dar es Salaam linakusanya leseni, ushuru na ada kutoka kwa maelfu ya biashara, kwa hiyo asilimia 4 yake ni fungu nene. Halmashauri ya pembezoni inayotegemea ushuru wa mazao ina fungu jembamba, na mvua ikigoma linakonda zaidi. Kabla hujaanza safari, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata: mwaka jana vikundi vingapi vya wanawake kwenye kata hii vilipata, na viliomba vingapi? Jibu lake litakusaidia kuliko tangazo lolote.

Safari yenyewe ni ndefu. Kikundi kilichosajiliwa, katiba, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi, kisha kata, kisha halmashauri. Na ratiba si yako. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii ili kupanga upya utoaji wake, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi 2024. Aliyekuwa amepanga kujenga banda kwa hela ile alisubiri zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo ombeni, lakini ombeni kwa ajili ya kitu kinachoweza kusubiri: mashine ya kutotolesha, cherehani ya viwanda, jokofu. Usiombe mkopo wa halmashauri ili ununue mchele wa kesho. Na chagua wenzako kama unavyochagua wakwe, maana deni ni la kikundi.

Benki

Wastani wa riba za mikopo ya benki nchini huwa karibu asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Iweke kando ya 3.5 kwa mwezi, halafu ukae kimya kidogo.

Kwa nini basi hatujazi foleni benki? Dhamana. Hati au leseni ya makazi ina jina la baba mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini sheria haiandiki jina lako kwenye hati iliyokwisha kuandikwa. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Maana yake, mume akitaka kuiweka dhamana nyumba mnayoishi, saini yako inatakiwa. Niwaambie kitu: nimewajua wanawake zaidi ya mmoja waliowekewa saini na waume zao mara moja, wakati wao wenyewe wamesaini kwa ajili ya waume mara tatu. Kabla ya kusaini, soma ni mkopo wa kiasi gani na wa biashara gani. Ni nyumba yako pia.

Benki zimeanza kusogea. Mwaka 2022 NMB ilitoa hatifungani (hati ya kukopa hela kwa wawekezaji) iliyoitwa Jasiri, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 74 kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake. Kwako maana yake ni moja: unapoingia tawini usiulize "mna mikopo?" Uliza wana bidhaa gani kwa biashara za wanawake, na dhamana yake ni ipi. Jina peke yake lisikuvutie, hata hivyo. Tuliwahi kuwa na Benki ya Wanawake, ilifunguliwa 2009, na 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta, ambayo leo ni Tanzania Commercial Bank, TCB.

Kinachofungua benki kwa asiye na hati ni mzunguko. Chukua Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, wateja walipe hapo, hela ipite kwenye akaunti badala ya kwenye kanga. Baada ya miezi sita au mwaka una karatasi inayoongea. Fundi cherehani ndiye anayefaa zaidi hapa, kwa sababu akionyesha kwamba kila Desemba na Januari akaunti yake hupanda, anaweza kujadiliana tarehe za kulipa. Afisa wa mkekani hajadiliani tarehe.

Kwa wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, Amana Bank ipo tangu 2011. Kwa utaratibu wa murabaha, benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana. Linganisha bei hiyo ya mwisho na milango mingine kama unavyolinganisha kitu chochote dukani.

Simu

Sitakaa sana hapa. M-Pawa ya Vodacom ilianza 2014, nyingine zikafuata, na sasa kila mtandao una mkopo wake. Hela inaingia kabla hujafunga jiko. Muda ni mfupi, mara nyingi siku 30, na kinachotozwa huitwa ada, si riba, jambo linalofanya tusilipigie hesabu. Mfano wa majirani: M-Shwari ya Kenya iliyoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka, umelipa asilimia 90.

Simu inafaa kwa jambo moja: mteja ameshaagiza, amethibitisha atalipa keshokutwa, wewe huna nauli ya Kariakoo. Mtaji haujengwi hivyo. Na programu zisizo na leseni ziache kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani 69 za namna hiyo. Hizi ndizo zinazochota majina ya watu kwenye simu yako na kumwandikia ujumbe mwalimu wa mtoto kwamba unadaiwa.

Kwa mwenye haraka:

| Mlango | Hela inafika | Gharama | Wanachoshika | Inadaiwa |
|---|---|---|---|---|
| Marejesho | Wiki chache | Hadi 3.5% kwa mwezi, pamoja na ada | Wenzako | Kila wiki |
| Kikoba | Baada ya kujenga hisa | Mara nyingi 10% kwa miezi 3 | Hisa na jina lako | Kwa mujibu wa katiba |
| Halmashauri | Miezi, haitabiriki | Hakuna riba | Kikundi | Kwa mkataba |
| Benki | Wiki hadi miezi | Wastani 15–16% kwa mwaka | Hati au mzunguko | Kila mwezi |
| Simu | Papo hapo | Ghali kuliko yote | Laini yako | Siku 30 |

Sasa wale watatu

Mfuga kuku asikae mkekani. Akope kikoba, kiasi cha vifaranga 100 hata kama banda linabeba 200, alipe deni akishauza. Wakati huohuo yeye na wenzake wapeleke maombi halmashauri kwa ajili ya banda na vifaa vya mwakani, bila kuyategemea.

Fundi aanze leo kupitisha hela kwenye akaunti. Mwaka huu aishi kwa hisa zake. Mwaka ujao aende benki Septemba, kabla ya msimu, akiwa na karatasi zake. Akienda Novemba amechelewa.

Mama ntilie ndiye ningemuuliza kwanza: milioni ya nini? Gunia la mchele na sufuria mbili kubwa hazimalizi laki nne. Kwa laki nne, kwa riba ileile ya 3.5 juu ya mkopo wote na miezi sita, rejesho ni kama 18,600 kwa wiki, yaani karibu 2,700 kila siku hata Jumapili asipopika. Akae jioni na daftari ahesabu siku kumi mfululizo. Kama 2,700 inatoka kwenye faida bila kugusa hela ya unga na mafuta ya kesho, aende mkekani bila wasiwasi. Kama haitoki, aanze na gunia peke yake, sufuria aazime.